Jina Langu Kwenye Orodha

Guildford, Sydney

Kaka Gad,

Salamu zako za Kanada zimefika, na nimefurahi kusikia mgomo wenu kiwandani haujavunjika. Sisi wazima. Mwanangu Ikirezi ameng'oka jino.

Hapa ninapofua mashuka ya hospitali, wenzangu nao wamegoma. Siku moja kabla, bosi alipitisha orodha, nikaandika jina upesi, kama kule kambini tulipokimbia vita, ambako asiyeandikwa alikosa mahindi. Kumbe ilikuwa orodha ya watakaoendelea na kazi. Kuomba nifutwe nimeogopa. Leo ni siku ya nne napita getini, na Achola, aliyenifundisha kazi, hanisalimu.

Nimechoka, kaka. Wenzako wakikuuliza dada yako anafanya nini huku, waambie hana kazi.

Dada yako,
Nibigira