Mukono kwenye Bega ya Veronika

Bunia, jumamosi, siku ya posho. Mvua imesimama sasa hivi, bashi ya matanga, ile hema ya plastiki, ingali inatona maji.

Niko na miaka makumi saba na munane. Vita zote zenye zilipita hapa Ituri zilinikuta na zikaniacha. Nilikimbia na godoro kwa kichwa mara tano, nikarudi mara tano. Kaka zangu wane, nimezika wote. Padri mwenye alinibatiza kule Mahagi nimezika, na ule mwenye alimufuata pia. Masomo nilifika troisième primaire tu, mwaka ya tatu, lakini hii yote munasoma ninaandika mwenyewe, na kidole moja, kwa telefone. Binti yangu Furaha alinifungulia ukurasa hii. Maneno ni yangu.

Leo nimeshindwa na mukono ya mu foto.

Tumetosha matanga ya bibi yangu Veronika, mama ya watoto yangu, tumemaliza kilio, mwaka moja imetimia tangu afe. Siku hizi, mu Bunia, kutosha matanga bila video ni kama majani ya sombe bila mafuta. Wengine wanaweka foto ndogo kwa meza, na mushumaa. Miye nilisema hapana. Bibi ya mwanaume kama miye atajaza shuka muzima ya kuoneshea video, na atatembea!

Foto ilibakia moja tu. Zingine ziliungua pamoja na nyumba, hii ilipona sababu Veronika alikuwa anakimbia nayo ndani ya kitenge. Amesimama mbele ya nyumba yetu ya kwanza, anacheka kidogo. Na kwenye bega yake ya kushoto kuko mukono. Mukono tu. Mwenye mukono hayuko, sababu nilimukata na mukasi.

Ni Ucanda, mutoto yangu ya kwanza. Miaka kumi na mbili imepita, alikataa kazi ya kufundisha yenye nilimutafutia, akasema anaenda kuchimba zahabu Mongbwalu. Nilimuambia: ukienda, sina mutoto. Akaenda. Siku ile ile nilikata foto, kipande yake nikaitupa mu moto ya jikoni, Veronika anaangalia. Tena nilikataza majirani wasimuite Mama Ucanda. Waseme Mama Furaha. Aliitika Mama Furaha mpaka kufa.

Hakunigombeza hata siku moja. Hiyo ndiyo inaniuma.

Juma iliyopita nilipeleka foto kwa Dorcas, mama mwenye studio karibu na soko, fundi wa video za ndoa na matanga. Aliiingiza mu ordinatere, ile kompyuta yake, akanielezea kazi, na nilielewa mbio, kichwa yangu haijazeeka. Anakata mutu, anamutenga na nyumba yenye iko nyuma yake, inakuwa kama karatasi mbili zenye zinalaliana. Kisha anasogeza ile ya mbele polepole, ile ya nyuma inabaki, na macho yako inaamini kama mutu anakukaribia.

"Muzee," akaniuliza, "foto yako ni nyembamba, shuka ni pana. Huku kushoto kwake kulikuwa nini?"

"Hakukuwa kitu. Foto ilizaliwa vile."

Akaangalia mukono. Akaangalia fasi mukasi ilipita. Akarudi kwa kazi yake. Ni mwanamuke wa adabu.

Saa moja hivi ikapita, akaniita nione. Veronika akajaza kioo yote, akaanza kukuya, kunikaribia na kicheko yake ile. Nilisimama kumupokea, haki ya Mungu. Halafu nikaona. Dorcas alikuwa ameacha mukono kwenye karatasi ya nyuma, pamoja na nyumba. Veronika anakuya, mukono inabaki. Vidole zikatoka kwenye bega yake moja moja, zikabaki zinashika hewa.

Miye nilimukata na mukasi, mara moja, na hasira. Ile mashini ilimukata polepole, ili nione vizuri.

"Rudisha hiyo mukono!" Nilipiga kelele mpaka watu wa barabarani wakachungulia.

"Ao niifute kabisa, Muzee? Inafutika muzuri, hakuna mutu atajua."

"Shonea kwake. Aende nayo."

Akaishonea. Alitaka kujaza kushoto na maua, nikakataa. Kukabaki weusi mutupu, nusu ya shuka.

Leo misa ilipokwisha tukaikala chini ya bashi. Mawingu ilifanya giza, video ikaonekana muzuri. Furaha alikuwa amemuita kaka yake bila kuniuliza. Nilimuona Ucanda kwa kiti ya nyuma, kaske, kofia ya pikipiki, kwa magoti, ndevu yake imeingia mvi. Mutoto yangu iko na mvi. Sikumusalimia. Nilijisemea: aanze yeye, miye ni baba.

Veronika akatokea. Akakuya, na mukono ikakuya naye, mukubwa kama mulango. Kwenye kidole ya pili kuko kovu, munyororo ya baiskeli ilimukata Ucanda akiwa mutoto. Hakuna mutu wa avenue yetu mwenye hajue ile kovu.

Dada yangu Albertina, mulomo yake haijawahi kufungwa na kitu, akanigeukia mbele ya wote.

"Kaka, unatuonesha bibi yako na mukono ya nani? Tuambie siye, tusikie!"

Alikuwa ananifungulia njia. Sasa ninaelewa. Kulibaki nitaje jina moja tu, na watu wote walikuwa wanaingoja. Furaha alifunika mulomo yake na kitenge.

Nikasema: "Ya jirani."

Kuko wenye walicheka. Ucanda akasimama. Hakukasirika, kukasirika ingekuwa heri.

"Jirani alikuya kuona mama," akasema. "Amemuona. Jirani anashukuru, Muzee."

Muzee. Hakusema Baba.

Akavaa kaske, akaingia mu mvua. Nikasikia pikipiki inawaka, inashika barabara ya Mongbwalu, mpaka mvua ikaifunika.

Nilibaki kwa kiti yangu. Video ikiisha inarudi, ikiisha inarudi. Kila mara Veronika anakuya, na kila mara ni miye ninashusha macho. Albertina alipita karibu yangu na sahani ya nyama, akasema polepole, "Weye, jiwe," akaenda.

Askari walinisimamisha kwa bariere ya barabara na bunduki, sikuwaogopa. Leo nimeogopa jina ya herufi sita.

Furaha anaosha sahani, amenigeuzia mugongo. Namba ya Ucanda iko ndani ya hii telefone ninaandikia. Nimeifungua, nimeifunga. Akiitika nitasema nini? Kama ananiuliza "ni nani?", nitajibu miye ni nani?

Mwenye anafikiri muzee anadanganya, aende kwa Dorcas, aliona vidole zikitoka. Aulize dada yangu Albertina, ataongea hata bila kuulizwa. Na kuko Ucanda, mutoto yangu ya kwanza, anaikala Mongbwalu. Alisikia maneno yote na masikio yake. Lakini yeye sijue kama angali anakubali kunishuhudia.