Giza la Mwezi na Matanga ya Baba

Namibia, nyanda za juu

Mama yangu mpendwa,

Mwadila mayu. Habari za Ngulyati? Miguu yako inaendeleaje? Mdogo wangu Masanja ameniambia unaacha chakula sahanini. Tafadhali kula mama, hata kidogo. Mimi ni mzima wa mwili, mengine sitakudanganya.

Baba alipokata roho nilikuwa zamu na simu nimeizima, maana hata mwanga wa simu hautakiwi karibu na darubini zetu. Nilipoiwasha asubuhi, Masanja alikuwa amenitafuta mpaka akachoka. Kabla sijapata ndege mkawa mmeshamzika zizini. Simlaumu mtu, najua mwili haukai kwenye joto la kwetu. Lakini inaniuma, mama. Inaniuma hata nikiwa natafuna chakula.

Kazi yangu Baba aliielewa kuliko ninyi nyote mnaosema Kabula anapiga ramli kwa nyota. Nilimweleza kwamba kuna miale mikali inayotoka mbali sana angani, haifiki chini. Ikigonga hewa huko juu, inatoa mwako hafifu wa bluu, unakwisha kabla hujapepesa jicho. Vioo vyetu vinaudaka huo mwako, nasi tunajua mwale umepita na umetoka upande gani. Akacheka. "Ng'wana wane, kumbe unatazama vumbi, unajua ng'ombe wamepita." Wakubwa zangu hapa hawajawahi kuieleza vizuri hivyo.

Sasa matanga. Baba mdogo Ngassa alinipigia kusema wafiwa watanyolewa siku za giza, kabla mwezi mpya haujaonekana, kama ukoo wetu unavyofanya. Na siku hizo ndizo zetu za kazi, kwa sababu mwanga wa mwezi unaumeza ule mwako. Mwezi ukiwa mkubwa ndipo tunapofunga na watu kwenda makwao. Nikamwomba asogeze mpaka hapo. Alifoka.

"Wewe Kabula umekuwa mzungu? Tuingie mwezi mpya na kifo vichwani? Mwezi ni wa ukoo mzima, si wa kwako!"

Nimeomba ruhusa mara mbili. Bosi wangu amenipa pole ya kweli, ila fundi mwenzangu wa kamera amelazwa na hakuna wa kushika nafasi yangu. Nawe unajua, mama, mtoto asiyenyolewa pamoja na wenzake huhesabiwa bado yuko msibani, na haruhusiwi kukanyaga zizi lenye kaburi. Nikija baadaye nitaishia langoni. Nimtazame Baba kupitia miiba ya boma, kama mgeni. Hilo siliwezi.

Jana mchana, siku za giza zikiwa zimeanza, niliweka kiti nje ya karakana, nikamwomba Selma aninyoe kwa wembe. Huyu ni Mnamibia ninayekaa naye chumba kimoja, ana utani mwingi. Akauliza nataka mtindo gani. Nikamwambia hizi ni nywele za msiba wa baba yangu. Akaninyoa taratibu, kisha akakiosha kichwa changu kwa maji ya uvuguvugu. Hapo ndipo nilipolia, mama, kwa mara ya kwanza.

Nywele nimezifunga kwenye kitambaa, zimo humu ndani ya bahasha. Mwanafunzi mmoja wa Mwanza anarudi likizo, atamkabidhi Masanja stendi ya Bariadi kabla ya siku yenyewe. Mwombe baba mdogo azichanganye na zenu. Akikataa, zichukue wewe, uzishike mkononi wakati unanyolewa. Halafu Masanja anipigie aniambie kama lango la zizi liko wazi kwangu.

Nisalimie huyo Masanja anayekusomea, asiruke maneno. Nisalimie shangazi aliyenilea, na jirani yetu anayekutekea maji. Baba mdogo mpe shikamoo yangu, mwambie sikushindana naye, nimeufuata mwezi wa ukoo.

Ni mimi binti yako, niliyenyolewa peke yangu,

Kabula