Vocha Nne Ndani ya Kopo

Gaborone, 6 Februari 2005

Mjomba Gasebalwe,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta mzima wewe na ng'ombe wako, na kwamba goti limepunguza visa. Mimi sijambo. Dukani tunauza miwani kama kawaida, na joto la mjini linatupika mchana kutwa.

Nina habari, na kwa ada yetu wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Kuna mwanamume anaitwa Onkemetse, wa Molepolole, fundi wa mabomba. Wazee wake wanataka kuja nyumbani Kanye kuomba kibuyu cha maji, yaani kuniposa, Jumamosi tarehe 17 Septemba, kabla jua halijachomoza. Wewe ndiye kaka wa Mama. Usipokaa kwenye kile kiti cha mjomba, hakuna wa kuwajibu wageni.

Mjomba, nisikufiche, naogopa. Sijasahau yaliyompata dada Boikobo. Wageni walikaa uani mpaka saa sita mchana wakikungoja, wakaondoka wamenuna, na mchumba akaenda kuoa kwingine, huko Lobatse. Wewe unasema gari liliharibika njiani. Mama anasema hukuja makusudi, na huu mwaka wa sita hataki hata kulisikia jina lako. Mimi sikuwepo, siamui kesi. Ila najua kwamba ungekuwa na simu, ungesema uko wapi na mtu angekufuata.

Kwa hiyo nataka nikununulie simu ya kulipia kabla, ikae garini kwa shida za njiani tu. Niambie unataka ya namna gani.

Mpwa wako,
Kelebonye


Zizini, Dikgokong, 27 Februari 2005

Mpwa wangu Kelebonye,

Marahaba, mama. Barua imefika na lori la dizeli, inanuka dizeli, lakini inasomeka. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio, na vyote viwili vinadanganya. Ng'ombe wamekonda ila wamesimama kwa miguu yao.

Ufundi wa mabomba ni kazi ya maana. Muulize kama anaijua pampu ya kisima. Akiijua nitamkubali hata bila mahari. (Natania. Ng'ombe walete.)

Simu naikubali kwa ajili yako. Jirani yangu Mzee Tsiane anayo, inalia kama ndama aliyepotelewa na mama yake, na yeye anaikimbilia huku suruali inamdondoka. Sitaki ya hivyo. Iwe na vitufe vikubwa, macho yangu unayajua, wewe ndiye muuza miwani. Iwe na tochi. Mambo ya picha sitaki. Chaji idumu, maana lile tundu la kuwashia sigara kwenye pikapu lilikufa zamani, siku hizi naweka humo sindano ya kushonea.

Habari za Boikobo zinaniuma. Giaboksi ilivunjika, shahidi ni Mungu, na nilishinda chini ya mti mpaka giza likaingia. Mama yako anataka niseme nini zaidi? Mjomba haendi kwenye posa akiwa amepakiwa nyuma ya lori kama gunia la mtama. Anafika na gari lake, amevaa koti, anasimama getini anapokewa. Safari hii nitafika hivyo.

Mjomba wako


Gaborone, 3 Aprili 2005

Mjomba,

Shikamoo. Nasikia mmepata manyunyu huko, ni kweli? Sisi wazima, na Onkemetse anasema pampu anaijua, kwa hiyo jiandae.

Simu hiyo hapo, nimeifunga ndani ya soksi isigongwe. Muuzaji alianza na ya kukunja, yenye kamera. Nikamwambia ni ya mzee, itaishi ndani ya pikapu. Akaleta nyingine ndogo kama kiberiti, vitufe vyake mpaka ubonyeze kwa ukucha. Ya tatu ndiyo hii, nene, ya kijivu, tochi iko kichwani. Ilimponyoka ikaanguka sakafuni, akaiokota, ikawaka. Nikasema nifungie. Ukiizima, chaji inakaa wiki nyingi.

Laini ya bei rahisi nimeikataa, kwa sababu ukishavuka Jwaneng haishiki kitu. Hii inashika mpaka Sekoma na kuendelea. Nimemuuliza dereva wa lori kwanza, sikumwamini muuzaji.

Nimeweka vocha nne. Usiache laini ikae bila salio jipya, wanaifunga baada ya miezi mitatu. Ukibonyeza moja kwa muda mrefu, inanipigia mimi. Mbili ni gereji ya Sekoma. Tatu ni Mama. Najua unakunja uso hapo ulipo. Kunja, lakini iache.

Mpwa wako,
Kelebonye


Zizini, Dikgokong, 28 Agosti 2005

Mpwa wangu,

Hujambo wewe, na fundi wangu hajambo? Usinilaumu kwa ukimya. Lori la dizeli lilikufa mwezi mzima, na kiangazi hiki kimetushika pabaya. Nimepoteza ndama wawili. Mwenyewe mzima.

Simu ni nzuri. Nimeiwasha siku moja, tochi ikamulika, nikaizima. Sijapiga hata mara moja, sikuona sababu ya kuichosha. Na usiwe na wasiwasi wa salio, vocha zote nne zimo ndani ya kopo la tumbaku, sijakwangua hata moja. Kilichokwanguliwa kimeliwa. Ng'ombe wa sherehe hachinjwi kabla ya sherehe.

Namba tatu nimeifunika kwa plasta, nisije nikaigusa kwa bahati mbaya tukaanza kutukanana.

Ijumaa tarehe 16 asubuhi naondoka. Koti nimelianika. Lala usingizi.

Mjomba wako


Gaborone, 9 Septemba 2005

Mjomba,

Shikamoo, hali yako nitaiuliza siku nyingine. KWANGUA! Salio si vocha iliyo kwenye kopo, Mjomba. Salio ni mpaka uingize zile namba. Nimepiga simu yako mara saba tangu jana, na yule mwanamke wa kwenye mashine ananijibu kwamba laini imefungwa. Miezi mitatu iliisha mwezi wa Julai.

Lori la dizeli limeshaondoka, kwa hiyo hii naituma kwa posta na sijui itakuwahi. Mimi siku hiyo sitakuwepo Kanye, binti hakai pale anapoombwa. Gari likikwama, simamisha chochote, panda chochote. Nakuomba kwa jina la bibi. Sitaki kuwa Boikobo wa pili.

Kelebonye wako


Zizini, Dikgokong, 2 Oktoba 2005

Mpwa wangu Kelebonye,

Salamu za leo zinatoka kwa mtu mwenye furaha na goti bovu. Barua yako ya tarehe tisa nimeikuta posta Sekoma wakati narudi. Imechelewa, lakini makemeo yote niliyastahili.

Kwamba umeombwa na kibuyu kimetolewa, hayo mama yako alikwambia. Mengine nadhani hakukwambia.

Nilipita Sekoma vizuri, na nusu saa mbele mkanda wa feni ukakatika. Maji yote nje, jua la saa saba. Nikatoa simu kwa mbwembwe, nikakwangua vocha ya kwanza. Yule mwanamke wako akasema laini imefungwa. Nikakwangua ya pili, ya tatu, ya nne. Akarudia maneno yale yale, hana hata aibu.

Pikapu mpya ikasimama, mbele pamejaa. "Ruka nyuma, mzee." Nikasema nendeni tu, nalinda gari langu. Wakaenda. Nikakaa chini nikiwa na simu mkononi, naitazama ile plasta, na nikajiona mjinga. Nikakufikiria wewe. Jioni likaja lori la mbuzi. Nikavaa koti langu, nikafunga vifungo vyote, nikapanda kwa mbuzi.

Mama yako alikuwa getini. Akanusa.

"Hiyo harufu ya nini?"

"Mbuzi."

"Umeleta mbuzi?"

"Mbuzi ndio wamenileta mimi."

Hakucheka. Akaniuliza, "Mwaka ule wa Boikobo, magari hayakupita?"

Ningeweza kusema hayakupita, hakuna aliyeniona. Lakini nilikuwa nimechoka, Kelebonye. Nikasema, "Yalipita matatu. Yote yalisimama. Niliona aibu kupakiwa."

"Kumbe hukutukataa."

"Sikuwakataa. Nilitaka kufika kama bwana."

Akanisogelea. Kisha akanivua koti, akalikung'uta ukutani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaniletea maji ya kunawa. Boikobo alikuwa jikoni na alisikia yote. Niliingia nikamwomba radhi. Bado hajanijibu, na ana haki.

Alfajiri nikakaa kwenye kile kiti. Mzee wa Molepolole alikuwa anapangusa pua kila mara kwa ile harufu ya mbuzi, lakini aliomba vizuri, na nikamjibu vizuri.

Siku ya kuondoka mama yako akataka kuiona hiyo simu. Akaiona plasta. "Na hii?" Nikamweleza. Akaibandua kwa ukucha, akaitupa.

"Na laini wanaifunga isipotumiwa?"

"Wanaifunga."

"Basi Jumapili uwe unanipigia mimi, isife."

Nimeweka laini mpya Jwaneng, vocha nimekwangua pale pale dukani. Hapa zizini inashika nikipanda juu ya tangi la kisima tu. Leo ni Jumapili, na ngazi nimeshaiegemeza. Naishia hapa, nisimcheleweshe.

Mjomba wako