Jina Pembeni mwa Kiota

Jumatatu, 5 Mei

Kuna jambo sijamwambia mtu. Hata mama. Wote wanajua napenda kuangalia korongo kwenye simu — kamera imefungwa juu ya nguzo ndefu, inaonyesha kiota mubashara mchana na usiku. Darasani wananiita Mama Ndege. Sawa. Lakini siangalii ndege tu. Pembeni mwa picha kuna mahali watazamaji wanapoandikiana, na humo yumo mtu anayejiita Saa Mbovu.

Huyo ni baba yangu.

Najua ni yeye. Baba ni fundi saa na hajawahi kufika mahali kwa wakati. Jina hilo alijipa mwenyewe, hapa hapa nyumbani, mama akacheka mpaka akapaliwa. Kiota hiki tulikigundua pamoja mwaka jana, kabla hajahamia kwa yule mwanamke mwingine. Hapigi simu. Ila kila jioni anaingia na kuuliza, "Wazima humu?" Nami, ninayejiita Msomaji, najibu pamoja na wageni wote kwamba ni wazima. Hajui ni mimi.

Jumatano, 7 Mei

Makinda ni wanne. Wa mwisho ni mdogo mno, kichwa kinamlemea. Watu wamempa jina Kitindamimba. Huko mvua haijanyesha, vyura hakuna, wazazi wanarudi na midomo mitupu. Leo baba korongo alitapika minyoo michache katikati ya kiota, wakubwa wakaigombania. Kitindamimba aliambulia kukanyagwa.

Mtazamaji mmoja, Nesi wa Zamu, akasema huyo mtoto atundikiwe dripu. Saa Mbovu akamjibu kwamba yeye yuko tayari kupanda nguzo na bakuli la uji. Nikacheka peke yangu chumbani. Halafu nikakumbuka. Nilipougua nikiwa mdogo, nikakataa kula ila kwa kijiko kimoja tu, alinibembeleza kwa upuuzi wa namna hiyo hiyo. Ndiyo maana akaniita Kijiko. Hakuna mwingine anayeniita hivyo. Sasa upuuzi ule anawagawia watu baki.

Mama, sebuleni na cherehani yake, aliuliza kama hao ndege wanachangia kodi ya nyumba, maana bando lote wanalila wao.

Ijumaa, 9 Mei

Nesi alimuuliza Saa Mbovu kama ana watoto. Akasema anaye mmoja, wa kiume, anaota meno, usiku hawalali.

Mmoja.

Labda kidole kiliteleza. Labda alimaanisha anayeishi naye. Nimemtetea siku nzima kama wakili. Mama aliponiita kula nikasema tumbo linauma.

Jumamosi, 10 Mei

Kitindamimba hayupo.

Niliona yote. Baba korongo — ndiye mwenye pete mguuni — alisimama juu yake, akawa anamgusagusa kwa mdomo. Nikadhani anamsafisha. Akamshika shingo, akamwinua, akatembea naye hadi ukingoni. Akamwachia. Kisha akarudi, akapanga vijiti vyake vizuri. Wale watatu wakafungua midomo.

Watazamaji wakachachamaa. Mmoja akamwita muuaji. Nesi akasema anatoka, moyo wake hauwezi. Saa Mbovu akaandika kwa utulivu, kama alivyokuwa akinieleza hesabu:

"Msimtukane. Chakula hakitoshi. Akijaribu kuwalisha wote, wote watakufa."

Vidole vyangu vikaandika kabla sijafikiri: "Wewe ungeweza kuchagua?"

Akajibu: "Nilishachagua, Msomaji. Sijivunii."

Basi kidole hakikuteleza.

Nimekaa nikiwaza kwa nini tunapenda kuangalia wanyama hivi. Nadhani ni kwa sababu wao hawatuoni. Korongo hana habari nami, kwa hiyo hawezi kunikataa. Naweza kumpenda mwaka mzima bila kuulizwa mimi ni nani. Ndivyo nilivyokuwa nikimwangalia baba.

Jumapili, 11 Mei

Mama alinikuta nalia. Nikamwambia kinda amekufa. Nilitegemea utani, hakutania. Aliketi kitandani na futi yake ya kupimia nguo shingoni, akaomba aone. Hajawahi kuomba. Akaangalia kiota, kisha macho yakahamia pembeni, kwenye maandishi. Yakaganda hapo. Nikajua amelisoma lile jina.

"Bado anakuja kwa kuchelewa?" akauliza.

Nikasema kila siku.

Akatikisa kichwa, midomo ikataka kucheka ikashindwa. Akanifuta machozi kwa ncha ya khanga yake. Akasema, "Mwanangu, usimchungulie mtu dirishani. Bisha hodi. Au njoo ule."

Akaenda jikoni. Hakusema lolote juu ya baba, si zuri wala baya.

Jioni Saa Mbovu akaingia, amechelewa kama kawaida. "Wazima humu?" Nesi amerudi, akajibu mzima kidogo. Wengine wakajibu. Mimi niliandika, nikafuta, nikaandika. Mwisho nikatuma hivi:

"Baba, ni mimi, Kijiko. Mimi si mzima."

Chini kwenye kioo cha simu pakatokea kwamba Saa Mbovu anaandika. Pakafutika. Pakatokea tena. Pakafutika. Kiotani makinda watatu wamelaliana, na nafasi ya wa nne imeshajaa, huwezi hata kujua ilikuwa wapi. Jina la baba, pale pembeni, halijaondoka. Hilo nimelihakikisha.

Simu ikaanza kulia kwamba chaji inaisha. Nikaichomeka ukutani. Waya ni mfupi, kwa hiyo nikakaa sakafuni, chini ya soketi. Mama aliita chakula tayari. Nikamwambia nimebisha hodi, nasubiri. Akaniletea sahani huku huku sakafuni, akarudi kuchukua yake, akaketi kando yangu.