Bendi Inayopendwa Mpaka Kwenye Kiitikio

Kwako Kiranga wangu,

Salamu nyingi, mwanangu. Unakula? Unalala? Kile kikohozi kimekwisha au unanificha? Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu, nalo ndiyo kawaida yake, kama mgeni asiyejua kuaga. Baba yako anakusalimu, anasema ununue koti.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Kumbe ni kweli uliandika gazetini kwamba ile bendi ya magitaa inayoabudiwa na kila mtu sifa zimeizidi kimo, na kwamba hata kupiga hawajui. Sasa mhariri anataka uombe radhi, la sivyo safu yako apewe mwingine, nawe unaniuliza mimi ufanyeje. Mimi niliyeishia darasa la tatu! Nilitaka kukujibu palepale kwamba omba radhi yaishe, mdomo huponza kichwa.

Maana hata huku kiwandani moto uliwaka. Unamjua msimamizi wetu, Bwana Mkasi. Kikombe chake kina picha ya hiyo bendi, na spika yake inawaimbisha tangu tunapofungua mpaka tunapofunga. Aliposoma gazeti lako alinihamishia kwenye vifungo, akasema mama wa mtovu wa adabu hafai kushona kola. Wenzangu nao wakaninunia. Fundi wa pindo akaniuliza kama nilikunyonyesha maziwa au siki.

Sasa sikiliza. Pale kwetu tundu la umeme ni moja, kwa hiyo pasi ikichomekwa, spika inachomolewa. Alhamisi ikachomolewa katikati ya ule wimbo wao mkubwa, na wenzangu kwa mapenzi wakauendeleza kwa mdomo. Kiitikio kilitikisa mabati! Kilipokwisha, ikafika zamu ya ubeti. Hakuna aliyeujua. Huyu akamtazama yule, yule akakohoa, na Bwana Mkasi, shabiki wa miaka yote, akaanza la-la-la huku akitafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake. Fundi wa pindo ndiye aliyeanza kucheka. Tulicheka mpaka pasi ikaunguza kaptula, na hakuna aliyegombwa. Jioni nikarudishwa kwenye kola.

Lakini kicheko si ushahidi, na sikutaka kukushauri kwa kubahatisha. Basi nikuambie jambo, nawe usimwambie dada yako: Jumamosi nilikwenda kuisikiliza bendi yenyewe ikipiga. Bwana Mkasi mwenyewe ndiye aliyenipeleka, eti nikatubu kwa niaba yako. Niliingia nimekunja uso. Mwanangu, nilicheza! Nilicheza na goti hilihili, kiatu kimoja kikanivuka kikaenda zake, mpaka leo sijakiona. Yule mpiga dramu anajua kazi. Anapiga kama mtu aliyepata habari njema na hana wa kumwambia.

Hao wengine, sasa! Nyimbo zao ni kama sare tunazoshona: shati lilelile, saizi mbalimbali. Mwimbaji akikohoa, watu wanashangilia. Mpiga gitaa alikosea, hata mimi nilisikia, wakashangilia zaidi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hawa mtungi umeshakuwa kisima.

Kwa hiyo nasema hivi. Kwamba wamesifiwa kupita kiasi, usiombe radhi hata kidogo. Lakini kwamba hawajui kupiga, hapo uliwatia wote kapu moja, na si haki. Muombe radhi mpiga dramu, peke yake, gazetini, kwa herufi kubwa. Mhariri alitaka radhi, hakusema ya wangapi. Akikataa, njoo nyumbani. Chakula kipo, na kitanda chako baba yako anakitandika kila wiki, akidhani simuoni.

Nisalimie wote unaokaa nao, na usitoke na nywele mbichi. Bwana Mkasi naye anakusalimu. Siku hizi wakati wa chai anajifunza ubeti.

Ni mimi mama yako,
wa kiatu kimoja.