Mwiko Kwenye Sufuria Tupu

Tarehe 4 Machi

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Sasa hivi tu mjukuu wako amenikimbia nilipotaka kumkumbatia. Kaziba pua: "Mama, oga kwanza!" Nimecheka, kisha machozi yakanitoka. Vipi hali yako huko nyumbani? Magoti yamepoa? Sisi huku ukimbizini tu wazima.

Chuo cha mapishi nimemaliza, Mama! Wametupeleka hotelini tukajifunze kwa vitendo, ndipo tupewe vyeti. Lakini huko jikoni sijagusa hata kitunguu. Msimamizi kanipa ndoo na kopo, nazoa mafuta yaliyoganda kwenye shimo la maji machafu. Yanavutika kama kamasi, yananuka panya aliyeoza. Nikiuliza nitapika lini, jibu ni, "Mkimbizi hachagui, dada." Kinyaa, Mama! Hata chai hainishuki.

Bintiyo,
Mama Kidole

Tarehe 20 Machi

Mwanangu, marahaba. Magoti ni yaleyale, yananiamsha kabla ya jogoo.

Mtaka cha mvunguni huinama, sikatai. Ila kuinama siyo kulala kifudifudi watu wajifutie miguu mgongoni mwako. Vumilia upate hicho cheti, lakini uongo wao kwamba mkimbizi hachagui usiubebe. Mbusu Kidole.

Mimi mama yako

Tarehe 9 Aprili

Mama, shikamoo. Unaendeleaje? Kidole hajambo, anakula mpaka namwonea aibu.

Wafadhili wa chuo walikuja hotelini. Nikatolewa shimoni mbiombio, nikavikwa aproni nyeupe na kofia, nikapewa mwiko. Nachungulia, sufuria tupu! "Koroga, tabasamu," msimamizi ananinong'oneza. Picha zikapigwa. Mgeni mmoja akauliza, "Umetupikia nini?" Nikamwambia, "Hewa, mama. Mimi hapa mpishi wa shimo." Wakacheka, wakadhani natania! Walipoondoka tu, msimamizi akanifukuza. Na ile picha chuo wameibandika ukutani: MKIMBIZI APATA AJIRA.

Lakini usihuzunike. Mpishi wa shule ya jirani ameonja mapishi yangu, ananitaka jikoni kwake, ila shule haiajiri bila cheti. Chuo nao wanasema nikamwombe msimamizi radhi kwanza. Radhi ya nini, Mama? Ya kukataa kupika hewa? Siombi. Nipo hapa mlangoni kwao na unga wangu na nyanya zangu. Nitawaambia waniwashie jiko, wanipime leo leo. Karani wa chuo huyo ananiita, "Wewe wa kwenye picha, ingia!" Mama, niombee, nikitoka humu nitamalizia barua hii.