Fimbo Isiyolalia Kushoto

Mtani wangu Maganga,

Sikusalimii. Mtumwa ndiye anayemwamkia bwana wake, na kulala kwako huko makaburini Old Korogwe hakukuondolei wajibu huo. Nitasubiri. Wakati nasubiri acha nikupe habari za huku, maana zimekuwa nyingi na nyingine zimeninyima raha.

Duka lako lipo. Mkeo bado anachapa barua za watu na kutoa fotokopi. Meza yako ya nyuma, yenye kompyuta, bado ina kile kitambaa nilichokushonea mimi, ambacho ulisema mishono yake imepinda kuliko barabara ya kwetu Handeni. Mimi nami bado nashona kule kule Handeni. Jumamosi bado nakuja Korogwe kununua nyuzi na vifungo, na mke wangu bado haamini kwamba nyuzi zinaweza kumchukua mtu kutwa nzima. Kilichobadilika ni kwamba hupo wa kunibishia. Na fimbo yako ya kurushia ndege imekufa.

Imekufa kabisa. Unakumbuka ilivyokuwa inalalia kushoto? Unaishika wima, ndege inakwenda upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Ulisema ni upepo. Upepo gani, Maganga, ndani ya kompyuta? Lakini ulisema kwa uso mkavu hivi kwamba siku moja nilijikuta nafunga dirisha la duka.

Shamba la mkonge lilipouzwa wakawaachisha, wenzio walichukua kiinua mgongo wakanunua mabati na mashine za kusaga. Wewe ukaenda kununua kompyuta ya mtumba, na mchezo wa ndege ukaukuta humo humo ndani. Nikakuambia umeibiwa. Ukanivutia kiti ukasema, "Funga mkanda, Mzigua. Ukitapika utafuta mwenyewe." Watu wazima wawili, wenye wake na magoti yanayouma, tumetoa ndimi nje tunatafuta uwanja wa kutua. Mara ngapi umetutua barabarani, kati ya magari? Na mara ngapi nimeanguka mimi kabla hata ya kuruka?

Siku ya kukuzika niliishika fimbo hiyo nikakaa mlangoni, nikagoma jeneza lisitoke mpaka nilipwe ushuru wa uwanja wa ndege. Waombolezaji walicheka huku wanafuta machozi. Shekhe aligeukia ukutani, lakini mabega yake niliyaona. Nilifanya kazi yangu ya mtani, na waliniambia niliifanya vizuri. Baadaye nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa. Basi.

Sasa sikiliza kilichonileta.

Baada ya arobaini mkeo, Mama Sada, aliniambia, "Mtani, nitafutie fimbo mpya. Iwe nzuri, ila bei yake isiniue, wafu wawili nyumba moja ni wengi."

Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Ya kukuchapia."

Nikacheka. Lakini njiani kurudi Handeni kicheko kilinikauka. Mjane ana shida gani na fimbo ya mchezo wa ndege? Kwa miaka yote niliyomjua alikuwa anapita nyuma yetu na karatasi zake akiguna. Nikaanza kuunganisha mambo, na unanijua nikianza kuunganisha: kwenye kitambaa cha nguo ya mtoto naweza kutoa koti. Nikaona anataka kuuza. Kompyuta ya michezo isiyo na fimbo haina mnunuzi wa maana, kwa hiyo inatafutwa fimbo, ya bei nafuu, ili kitu kionekane kizima.

Jumamosi iliyofuata nikamkuta mwanamume dukani. Anatoka Mkumbara, kavaa suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Amepiga magoti nyuma ya meza yako, kafungua kompyuta yako, anachungulia ndani. Mtu anachungulia ndani ya kitu cha mwenzake kwa sababu gani, kama si kutaka kukinunua? Nikamsalimu. Akaitikia kwa adabu sana, na adabu ile nikaishuku pia.

Nikamvuta Mama Sada pembeni. Nikamuuliza, "Unauza?"

"Nauza," akasema. "Na wewe nitakutupia humo humo kama nyongeza."

"Mama Sada, nauliza kweli."

"Na mimi najibu kweli. Ila nyongeza wameikataa, wanasema imechakaa."

Yule mama wa vitumbua mlangoni akacheka mpaka akaunguza kimoja. Unaona, Maganga? Sisi wawili tulizoea. Kwa miaka yote mkeo naye aliingia utanini kwa mlango wako, na sasa mimi na yeye hatuna lugha nyingine. Nikisema jambo zito, ni utani. Nikinuna, ndiyo kabisa, nimekuwa mtani hodari. Nilitaka kumwambia asiuze kile kiti ambacho mimi na wewe tulikikalia. Kilichotoka mdomoni ni kwamba Wanyamwezi mkiachiwa duka mtauza hata kizingiti.

Basi Jumamosi nyingine nikaenda kutafuta hiyo fimbo, na moyo wangu umegawanyika.

Nilimwomba ile ya zamani niende nayo kama mfano. Akakataa. "Fimbo ya mume wangu haitoki humu ndani." Nikashuku zaidi: ya zamani haitoki, mpya anaitaka, mbona? Nikafanya akili ya fundi nguo asiye na kipimo. Nilichukua kipande cha sabuni ya mche, nikaukandamiza mkia wa fimbo humo, ule unaochomekwa kwenye kompyuta, alama zikabaki zote. Nikaifunga sabuni kwenye leso, nikaondoka najiona bingwa.

Kumbe mtu anayetembea na alama ya kitu kwenye sabuni, watu wanamjua kwa kazi moja tu, ya kuchonga funguo za milango isiyo yake. Mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na stendi, bwana wa makamo kama mimi, alipoiona aliniangalia, akaangalia kufuli la mlango wake, akaniangalia tena. Tangu hapo tukawa watu wawili tunaoshukiana, kila mmoja na mikono yake mezani.

Unakumbuka enzi za foleni, ukikuta sabuni unanunua, hata huulizi ya kufulia au ya kuogea? Sasa soko huria limeleta kila kitu, na mimi siamini hata kimoja. Fimbo ya kwanza aliyoniletea ilikuwa kwenye boksi zuri, na kwenye picha ina vitufe na kishikizo cha kuongezea mwendo. "Orijino, kutoka Dubai," akasema. Nikaifungua. Nyepesi kama kiberiti kisicho na njiti. Nikajaribu kukisukuma kile kishikizo, hakisogei. Nikakikwangua kwa ukucha, kikabanduka. Kilikuwa stika! Wamechora kishikizo, Maganga.

Ya pili ilikuwa kitu kizima, nzito, shingo yake unaizungusha ndege inageuza pua. Bei yake nikadhani amenitajia ya pikipiki. Na hata ningekuwa na uwezo, mkia wake ni mwembamba na bapa, wa kompyuta hizi mpya. Nikautazama, nikaitazama sabuni, havijuani.

Ya tatu aliitoa chini ya meza kwa aibu. Mtumba, haina boksi, plastiki imegeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku. Nikaiweka mezani: kitako kizito, kimeshika. Nikaisukuma pembe zote nikaiachia, ikarudi katikati yenyewe, ikatulia, haikuyumba huku wala kule. Mkia wake mpana, wenye vijino vingi. Nikaulinganisha na sabuni. Ukaingia.

Na bei ilikuwa ya mtu kama mimi.

Hapo ndipo niliposimama muda mrefu, mtani wangu. Mkono mmoja nimeshika ya njano, mwingine nimeshika ya stika. Nikinunua ya stika, ndege hairuki, yule wa Mkumbara anaghairi, na meza yako inabaki palepale. Hakuna atakayenilaumu, fundi nguo anajua nini? Lakini nilikuona, wewe na ule uso wako mkavu, unaniuliza kama nimekuja kununua fimbo au mdoli. Nikairudisha ya stika kwenye boksi lake.

Mwenye duka alikataa niijaribu bila yeye. Akafunga duka lake, akanifuata mpaka kwako, hatua moja nyuma, kama askari na mahabusu. Tulipofika, yule wa Mkumbara alikuwepo tena, na suruali nyingine, nayo imepigwa pasi. Tukachomeka. Kompyuta ikadai izungushiwe fimbo pembe zote ili iizoee. Nikavuta kiti chako nikae.

Mama Sada akasema, "Toka hapo."

Akakaa yeye.

Maganga, hukuniambia. Hukuniambia kitu! Mkeo alishika fimbo kwa vidole vitatu, kama anashika sindano, ndege ikaondoka ardhini bila kutikisika. Hakutoa ulimi. Hakuinama upande. Alipita juu ya yale maji ambayo mimi na wewe tulikuwa tunazama kila Jumamosi, akashuka taratibu penye kile kiwanja cha udongo mwekundu, kile chenye nyumba moja tu, akagusa chini, akasimama. Mwenye duka la umeme alipiga makofi. Mimi sikuweza.

Kisha akageuka akasema, "Shemeji."

Hajawahi kuniita hivyo. Tangu umuoe mimi ni mtani, ni Mzigua, ni mla ugali wa watu. Nikajua leo hakuna mchezo, nikavua kofia.

Akaniambia hauzi. Bwana wa Mkumbara ni fundi, amekuja kwa sababu umeme ulikuwa unapanda na kushuka ukataka kuiunguza mashine. Akaniambia kwamba ulipokuwa umelala chumba cha nyuma, huwezi tena kukaa kitini, mchana wateja wakipungua alikuwa anarusha yeye, na wewe unasikiliza ile ngurumo kupitia pazia. Ulikuwa unamuuliza, "Tumefika wapi?" Naye anakujibu: tumepita Morogoro, tumepita Dodoma. Mlikuwa mnakwenda Tabora, kwao baba yako, kabla hawajamleta huku kuwa manamba, kibarua wa kukata mkonge. Hukuwahi kufika. Mchezo haukuwa na Tabora, mkachagua kiwanja chekundu mkakipa jina hilo. Siku uliyoacha kuuliza, ndege ilikuwa bado hewani. Kila alipojaribu kuitua baada ya hapo, fimbo ililala kushoto, ikamzungusha mpaka mwishowe ikagoma.

"Nilitaka nimfikishe," akasema. "Ningekuambia ungecheka."

Ningecheka, ni kweli. Ndiyo maana sijacheka tangu Jumamosi.

Nakushuku wewe sasa, kuliko wote. Nashuku ulijua mkeo ni rubani na sisi ni abiria, ukanificha ili nisikukimbie kitini. Na huyu bwana wa Mkumbara bado namtazama. Ufundi hauhitaji pasi kiasi kile. Nitakuarifu ikibidi.

Lala salama, mtumwa wangu. Mkeo anasema kutoka Tabora kuna safari ya kurudi, na nyuma yake kuna kiti kimoja kitupu. Nakuahidi Jumamosi nitakikalia, nitafunga mkanda, na sitashika chochote. Na nikiwa na neno la kweli la kumuuliza, nitaanza kwa kumwita shemeji, nitavua kofia, nitangoja anijibu.

Mzigua wako,
Mwenjuma